Mfalme Rehoboamu na Washauri Wake

Wasikilizaji wetu, na hasa ninyi vijana, leo twataka kumtazama Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliyeshika ufalme yapata mwaka 930 kabla ya kuzaliwa Kristo.

Watu walimkuta Shekemu wakamwomba neno moja tu, awapunguzie kazi nzito waliyotwikwa na baba yake. Akataka siku tatu apate kufikiri. Katika hilo twamsifu. Wazee waliomtumikia Sulemani wakamshauri awajibu watu kwa upole. Akawaacha, akawauliza wenzake aliokua nao. Hao wakamwambia azidishe mzigo, naye ndivyo alivyotaka kusikia.

Wengi hudhani alikuwa mtoto. Sivyo. Biblia yatuambia alikuwa na miaka 41. Basi hata mwenye ndevu aweza kupotezwa na marafiki wasiothubutu kumkataza jambo.

Makabila kumi yakamwacha. Naye akamtuma nani kwao? Adoramu, msimamizi wa ile shokoa yenyewe! Wakampiga kwa mawe hata akafa, na mfalme akapanda gari lake mbio akakimbilia Yerusalemu.

Mwaka wa tano wa kutawala kwake, Shishaki mfalme wa Misri akaja akazitwaa ngao za dhahabu za Sulemani. Rehoboamu akafanya nyingine za shaba. Kila alipokwenda nyumbani mwa Bwana, walinzi walizichukua, kisha wakazirudisha chumbani mwao.