Mguu Usiohisi Maumivu

Hotuba ya tabibu mmoja wa Mombo kwa waumini na majirani wakati wa maadhimisho ya hekalu



Kamati imenikabidhi mada pana mno: michezo, uuguzi na maisha mema. Kwa kuwa chakula kimekwisha kuiva na harufu yake inatufikia, nitaibana mada hiyo mpaka itoshee katika kiungo kimoja tu cha mwili, nacho ni mguu.

Waganga wa kale wa India waliuita ugonjwa wa kisukari madhumeha, yaani mkojo wenye asali. Katika mafundisho yaliyopokewa kwa jina la Sushruta, mgonjwa wa namna hiyo aliagizwa afanye kazi za kutoa jasho na aende safari ndefu kwa miguu. Agizo hilo lilitangulia kwa karne nyingi insulini, iliyopatikana Toronto mwaka 1921, na hata leo sijaona sababu ya kulifuta.

Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na Dkt. Kaushik Ramaiya na wenzake, pamoja na Profesa Donald McLarty, katika jamii saba za Kihindu jijini Dar es Salaam. Walipimwa watu 1,147, na takriban mmoja katika kila kumi alikuwa na kisukari. Miaka miwili kabla yake, upimaji katika vijiji kadhaa vya Tanzania ulikuwa umeonyesha chini ya mtu mmoja katika kila mia. Majirani zangu wasitabasamu mapema. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban tisa katika kila mia. Maradhi yaliyoitwa ya wenye maduka yamekwisha kuingia nyumba zetu sote, na yalipoingia hayakuuliza mtu anasali wapi.

Kwa nini? Damu ya ukoo ina sehemu yake, na mithai ina sehemu yake, lakini leo nataka kusema juu ya kukaa. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Aliona kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva walioketi. Watu wa Mombo hatuhitaji nauli ya London ili kulielewa jambo hilo. Simameni pale njia panda ya Lushoto, mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanapopita, mkamtazame konda na dereva wake. Kisha mfikirieni mwenye duka aketiye nyuma ya meza yake tangu asubuhi hadi jioni: huyo ni dereva asiye na basi.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mwenye kucheza garba saa moja kila usiku, kwa usiku tisa za Navaratri, hujipatia dakika 540. Ni hazina kubwa, ila haiwekwi akiba. Mwaka una wiki nyingine nyingi, na sioni kwa nini ngoma ile isubiri sikukuu, wala kwa nini akina mama wa makamo waachwe vitini kupiga makofi tu.

Basi tutembee na tucheze. Lakini hapa ndipo michezo na uuguzi vinapotengana kidogo. Sote tunamheshimu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji, akaendelea hadi mwisho, wa 57 na wa mwisho kabisa, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ni fahari ya taifa. Hata hivyo, Akhwari aliyasikia maumivu yake, akayapima, kisha akaamua. Mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi hanyimwi ushujaa, ananyimwa habari. Sukari huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zikaingia ganzi, na mguu ukawa kama mlinzi aliyelala langoni.

Nilipata kumhudumia mzee mmoja, mfanyabiashara, aliyetembea kutwa nzima na msumari uliopenya soli ya ndala yake. Hakuugundua yeye, mjukuu wake aliona damu sakafuni. Kidonda kile kilichukua miezi, na vidole viwili vilikatwa ili mguu uliobaki usalimike. Mzee alikuwa akitembea kila alfajiri, kama alivyoshauriwa. Kutembea hakukuwa na kosa. Kilichokosekana ni jicho la mtu mwingine.

Tuutazame basi ua huu tulimoketi. Tunavua viatu langoni, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini jua la saa saba la Mombo si jua la Lushoto. Mwenye miguu mizima huvuka sakafu hii akirukaruka kama mtoto, na tunamcheka. Mwenye ganzi huivuka taratibu, kwa utulivu mkubwa, na tunasema: tazameni ibada yake! Jioni malengelenge yamejaa nyayoni.

Kitabu cha Charaka kinataja nguzo nne za tiba: tabibu, dawa, muuguzi na mgonjwa mwenyewe. Katika kazi yangu, nguzo ya muuguzi mara nyingi ni mtu wa nyumbani asiye na cheti. Vijana wa jamii hii huinama na kuigusa miguu ya wazee wao kuomba baraka, desturi ambayo mimi jirani yenu naionea wivu. Nawaombeni, walau mara moja kwa siku, msiishie kuigusa. Iinueni, mtazame nyayo na baina ya vidole, mkitafuta mchubuko, wekundu, lengelenge au usaha. Mkiviona, msimpeleke mzee matembezini. Mleteni kituoni siku ileile, na mguu huo usikanyage chini bila ya lazima.

Na wale mnaofunga, iwe Ekadashi au Ramadhani, huku mkitumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, njoni tupange dozi kabla ya siku yenyewe.

Kwa Kamati nina maombi mawili. La kwanza ni mkeka utandikwe kutoka langoni hadi mlangoni, na wenye kisukari waruhusiwe kuvaa soksi safi. La pili nimekwisha kulizungumza na Katibu: baada ya chakula nitakuwa kwenye kibaraza kile karibu na rafu za viatu, nikiwa na kipimo cha sukari na uzi wa nailoni wa kupimia ganzi. Upimaji wa mguu mmoja hauzidi dakika tano. Majirani nanyi mpange foleni, na anayevaa ndala aje nazo, nizikague soli.