Kodi ya Miezi Sita Haimpimi Mpangaji

Msikilizaji, ukitafuta chumba Sinza, Tabata au Mbagala, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: una kodi ya miezi sita? Wapo wanaotaka ya mwaka mzima. Ukiwa nayo, funguo unakabidhiwa jioni hiyohiyo. Hakuna anayetaka kujua ulikuwa ukiishi wapi, wala ulihama kwa sababu gani.

Nawaambia wenye nyumba wa Dar es Salaam, hapo ndipo mnapokosea. Fedha ya mkupuo inathibitisha kwamba mtu anayo leo tu. Huenda amekopa, huenda amechangiwa na ndugu. Mwezi wa saba atalipa nini, hujui. Wakati huohuo muuguzi mwenye mshahara wa kila mwezi, ambaye angekulipa bila kusumbuana kwa miaka, anarudishwa mlangoni kwa kuwa hana kodi ya nusu mwaka mkononi. Mama mwenye watoto watatu naye anaambiwa watoto hawatakiwi. Hili linaniuma. Mzazi ambaye wanawe wanasoma shule ya jirani ndiye asiyependa kuhamahama.

Mtazame na dalali. Kwa kawaida ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, na anaupata nyumba inapoingia mtu mpya. Mpangaji akidumu miaka sita, dalali hana chake. Kuunganisha watu ndiyo kazi yake, na ni kazi halali. Kuchagua wa kuishi naye ukuta kwa ukuta ni juu yako. Nenda kamuulizie mtu huyo alikotoka. Tena usiishie kwa mwenye nyumba wake wa sasa, maana anayetaka kuondokewa na msumbufu atamsifu mpaka ushangae. Fika na kwa mjumbe. Kesi za mtaani anazijua.

Halafu kuna LUKU. Nyumba nyingi za kupanga vyumba zinatumia mita moja ya umeme. Mwenye balbu mbili anachangishwa sawa na mwenye friji na pasi. Ugomvi ukianza, anayehama kwanza ni yule mtulivu, na unabaki na wenye sauti kubwa. Halafu unalalamika kwamba wapangaji wazuri hawapatikani! Ulikuwa naye, umeme ukamfukuza. Weka mita ndogo kila chumba, kila mtu alipie anachotumia.

Mwisho, mkataba uwe wa maandishi. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mkikorofishana na kufikishana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, karatasi hiyo ndiyo mtakayoulizwa. Iseme kodi ni kiasi gani na inalipwa lini, notisi ni ya muda gani, paa likivuja anatengeneza nani, na choo kikijaa nani analipa gari la maji taka.