Utamu Usio na Sukari na Moyo Wako



Mtu akipimwa akaambiwa ana presha au uzito umezidi, mara nyingi huanzia kwenye soda. Anaiacha aliyoizoea, anachukua iliyoandikwa kwamba haina sukari. Akirudi nyumbani anaamini moyo wake sasa uko salama. Imani hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi.

Utamu wa soda ile hutoka kwenye vikoleza vya kiwandani: asipatame, sakarini, sukralosi na wenzake. Asipatame ni tamu karibu mara 200 kuliko sukari, na sukralosi karibu mara 600, kwa hiyo chembe kidogo tu inatosha chupa nzima. Vimo pia kwenye pakiti nyingi za unga wa juisi, na katika baadhi ya vinywaji vya kuongeza nguvu huwekwa pamoja na sukari yenyewe.

Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vikoleza hivi kupunguza uzito wala kujikinga na maradhi yasiyoambukiza. Kwa muda mrefu havikuonekana kupunguza mafuta mwilini. Tena, waliofuatiliwa kwa miaka mingi wakivitumia walipata zaidi kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo. Ufaransa, watafiti waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 103,000 na kutoa matokeo mwaka 2022: waliotumia zaidi vikoleza hivi walipatwa zaidi na maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka uliofuata, watafiti wa Cleveland Clinic kule Marekani walionyesha kwamba kikoleza kingine, erithritoli, huzifanya chembe zinazogandisha damu ziwe nyepesi kushikamana. Damu ikiganda ndani ya mshipa wa moyo au wa ubongo, mnajua yanayofuata.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Sijasema soda hizo ni sumu. Wengi wanaozichagua tayari ni wanene au wagonjwa, na hilo linaweza kuchangia matokeo yale. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliuita ushauri wake kuwa wa masharti. Wala ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Wewe mwenye sukari, usibadilishe ulichopangiwa kwa sababu ya redio. Rudi kwa aliyekupangia, umuulize.

Lakini kuna jambo nalipinga waziwazi. Geuza chupa usome maandishi yale madogo: E950, E951, E954, E955. Mama anayemnunulia mtoto juisi sokoni atajuaje kwamba E951 ni asipatame? Shirika la Viwango la Uganda liwalazimishe wenye viwanda waandike mbele ya chupa, kwa maneno makubwa, kwamba ndani kuna utamu bandia. Na bidhaa zinazovuka mipaka yetu na Kongo na Sudan Kusini, pale Vurra na Oraba, zikaguliwe vivyo hivyo.

Tena tusihangaike na kikoleza tukaisahau presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana presha ya juu, na kati ya hao, waliokuwa wakijua kwamba wanayo hawakufika hata mmoja kwa kumi. Moyo ukishaharibika, Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago, Kampala, karibu kilomita 500 kutoka huku kwetu Arua. Familia ya Koboko itapata wapi nauli, malazi, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa?

Ulimi hujifunza. Punguza sukari ya chai kidogo kidogo, na baada ya wiki chache ile chai ya zamani utaiona imezidi utamu. Kiu ni ya maji, na West Nile msimu wa maembe unapofika, tunda zima lina utamu wake na nyuzinyuzi zake. Chumvi nayo ipungue.

Na ukienda kituo cha afya, hata kama umempeleka mtoto mwenye malaria, mwambie muuguzi: naomba unipime na presha. Namba atakazokutajia ziandike, uende nazo nyumbani.