UTAMU WA SINIA NA HAKI YA MWILI

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama, Lubaga, Kampala



Nimetakiwa niseme machache juu ya afya, nami nimechagua jambo lililo mbele ya macho yetu kila tupatapo furaha, nalo ni sinia ya vitamu.

Hapana mtu hapa asiyeijua. Ikifika Idi, arusi au maulidi, ndugu zetu Wahindi, na sisi tuliojifunza kwao, twaandaa jalebi, ladu za unga wa dengu, barfi ya maziwa, na halua. Hata jirani zetu Wakatoliki wa kilimani hupelekewa sahani yao. Wala vitamu hivi si vigeni kwetu Waislamu: halua ni neno la Kiarabu, jalebi asili yake ni zalabia ya Waarabu, na barfi imetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya theluji. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipenda vitu vitamu na asali. Basi asije mtu akasema ati nimesimama hapa kuiharimisha halua.

Lakini yafaa tukumbuke jinsi sukari ilivyotufikia. Wazee wa Buganda walitafuna muwa, wakala asali na ndizi mbivu. Reli ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na biashara ya Wahindi ikaifuata. Nanji Kalidas Mehta akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua cha Kakira mwaka 1930. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Wahindi, viwanda vikaanguka, na sukari ikawa bidhaa ya magendo. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ile twakumbuka: mama aliifungia sukari sandukuni, na mgeni aliyetiliwa kijiko kimoja alijua kwamba amependwa. Nadhani hapo ndipo tulipozoea kupima mapenzi kwa vijiko. Uhaba ulikwisha, mazoea yakabaki.

Sasa tuhesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limesema ni bora sukari inayoongezwa katika chakula na kinywaji isizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vidogo. Mtu atiaye vijiko vinne katika kikombe cha chai, naye anywa vikombe vitatu, amekwisha kula kumi na viwili kabla hajaiona jalebi hata moja. Kwa mwezi ni karibu kilo moja na nusu! Kumbe sinia ya Idi yalaumiwa kwa kosa la birika la kila siku.

Na ugonjwa wa kisukari si wa kufanyiwa mzaha. Mafuta yakijaa tumboni, mwili huacha kuitii insulini itokayo katika kongosho, na sukari hubaki katika damu ikiharibu macho, figo, na mishipa ya miguu, hata mtu akanyage msumari asisikie. Wenye asili ya Kihindi huweza kuupata hata kabla hawajanenepa sana.

Nilimwona mzee mmoja katika arusi. Alikataa ladu mara mbili, kwa adabu. Mwenye nyumba akaapa, "Wallahi, usipokula umenivunjia heshima!" Mzee akala mbili. Baadaye alikatwa mguu. Sisemi ladu zile ndizo zilizomkata, kwani maradhi yalikuwa ya miaka mingi. Nasema tu kwamba sisi tuliokuwapo tulimcheka alipokataa, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Ndugu zangu, mwili una haki juu ya mwenyewe, hilo Mtume (s.a.w.) ametufundisha. Kumlisha mgeni ni ibada, bali kumlazimisha mgonjwa si ukarimu. Akisema "yatosha", imetosha. Na mwenye kisukari atakaye kufunga Ramadhani amwone daktari wiki kadhaa mbele, maana dawa huenda zikahitaji kupangwa upya. Dini imempa mgonjwa ruhusa, wala hapana sifa katika kuzimia kabla ya magharibi.

Kwa wenye tamaa ya utamu, nami ni mmoja wao, nimeona dawa moja kwa watu wa pwani. Wao hula kipande kidogo cha halua, kisha hunywa kahawa chungu katika kikombe kidogo kama yai. Uchungu huukata utamu, na mkono haurudi upesi siniani. Sisi twala jalebi kisha twaiteremsha kwa chai ya maziwa yenye vijiko vinne. Hapo ulimi hausikii tena ladha ya jalebi, na huomba nyingine. Tena, aliyekwisha kula chakula chake hutosheka na kipande kimoja, lakini mwenye njaa hamalizi na vitatu.

Mama zetu wamekubali kuzikata barfi za leo nusu ya ukubwa wa kawaida. Vikombe vitaletwa havina sukari, na bakuli la sukari litakaa kando, atakaye ajitilie mwenyewe.