Dereva wa Lori Naye ni Mfanyakazi



Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa haramu mwaka 1965, ni barabara hii, wakati huo ya vumbi na matope, iliyopitishia mafuta ya Zambia kwa malori. Wapo madereva waliofia humo.

Leo ni lami. Hata hivyo, nilipata kukaa Tunduma na dereva mmoja aliyekwama kwenye foleni ya mpakani. Posho yake ilihesabiwa kwa siku za mwendo tu. Siku za kusimama hazikuwamo. Alikula kwa mkopo kwa mama ntilie, akalala chini ya tela. Aliporudi alikatwa mshahara kwa kuchelewa. Akahama. Tajiri wake akalalamika, bila haya, kwamba madereva wa siku hizi hawatulii!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa maandishi, na kazi isizidi saa 12 kwa siku. Mwaka 2015, yaani miaka 11 baadaye, madereva waligoma wakidai mikataba hiyo hiyo.

Kampuni inayotaka kubaki na madereva wake ilipe siku za foleni, na anayekaribia mteremko wa Kitonga akisema amechoka, aambiwe alale. Asipigiwe simu kwamba mzigo unasubiriwa.