Cheti Kwanza, Viatu Baadaye



Habari ya majaribio ya mpira hatuirudii. Umeisikia kwenye taarifa zetu, umeiona kwenye simu ya jirani, na kama una kijana wa miaka 15 nyumbani, basi umeisikia pia wakati wa kula. Wakala anakuja, vijana wataonwa, wachache watapelekwa nje. Nje wapi, haikusemwa. Timu gani, haikusemwa. Kilichosemwa vizuri ni ada ya fomu na namba ya kutumia pesa.

Sisi hapa redioni hatuna ugomvi na majaribio. Vipaji tunavyo, kuanzia hapa Kisesa hadi Igoma, na anayetaka kuviona aje avione mchana kweupe. Kinachotusumbua ni swali ambalo wiki nzima hatujasikia mtu akiliuliza, si kiongozi wa michezo, si mwalimu, si mzazi. Cheti cha kuzaliwa cha huyo kijana kiko wapi?

Tumelisema hili kabla ya leo. Kuna msikilizaji aliyetutumia ujumbe kwamba redio hii imeoa cheti cha kuzaliwa. Sawa. Tumekioa, na leo tunakitaja tena.

Ng'ambo ya ziwa letu hili, Uganda, vijana wanacheza besiboli. Wengi wetu hatuujui mchezo huo: mmoja anarusha kampira kagumu, mwenzake anakapiga kwa gongo na kukimbia, mengine tuwaachie wenyewe. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda yao yaliyochezwa Poland. Wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kupata nafasi ya kucheza fainali za dunia za watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, Marekani. Fikiria shangwe nyumbani kwao. Fikiria na majirani.

Hawakwenda. Marekani iliwanyima viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi za baadhi yao hazikulingana. Ni za baadhi tu, lakini timu nzima ilibaki nyumbani, pamoja na mtoto ambaye karatasi zake zilikuwa safi kabisa. Nafasi yao wakapewa watoto kutoka Saudi Arabia.

Walikuwa wameshinda uwanjani. Walishindwa mezani, kwa karatasi.

Mwaka uliofuata ikaenda timu ya Lugazi, mji wa mashamba ya miwa ulio kati ya Kampala na Jinja. Safari hiyo karatasi zilikubalika. Wakacheza, na wakaifunga timu ya watoto wa Oregon. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, klabu kubwa ya Los Angeles Dodgers ikawasainisha vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Kisha Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma, Mganda mwingine. Hao Pirates ndio waliompa nafasi Gift Ngoepe wa Afrika Kusini mwaka 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Kwa hiyo macho ya watafuta vipaji yamekwishafika ziwani. Na kwetu Tanzania uwanja wa besiboli upo, Dar es Salaam, kwenye Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Leo wanakuja watu wa soka. Kesho atakuja wa gongo. Wote wataanza na swali lilelile: una miaka mingapi, na nani anathibitisha?

Kwa nini umri? Kwa sababu umri ndio bei.

Kwenye besiboli, klabu za Marekani zinaruhusiwa kumsainisha kijana wa nje akifikisha miaka 16, na kila mwaka tarehe 15 Januari dirisha linafunguliwa. Jamhuri ya Dominika ndiyo kitovu cha biashara hiyo. Klabu zote 30 za ligi kuu zina vituo vyao huko. Kijana wa miaka 16 mwenye mkono mzuri anaweza kupewa pesa ambazo familia yake haijawahi kuziota. Kijana mwenye mkono uleule akiwa na miaka 20 ataambiwa asante kwa kuja. Ni mkono mmoja, kasi ni ileile, na tofauti iko kwenye cheti. Ndipo wanapoingia watu wa kati. Wanamchukua mtoto akiwa na miaka 12 au 13, wanamlisha na kumfundisha, na siku akisaini wanakata fungu lao. Asilimia 30 kwao si ajabu. Na cheti kisipopendeza, wanajua pa kukitengeneza.

Mwaka 2006 klabu ya Washington Nationals ilimsainisha kijana aliyeitwa Esmailyn Gonzalez, umri miaka 16, kwa dola milioni 1.4. Mwaka 2009 ikabainika kwamba hakuna Esmailyn Gonzalez wala hakuna miaka 16. Alikuwa Carlos Álvarez Lugo, mkubwa kwa miaka minne kuliko walivyoambiwa. Huku kwetu tungesema kijeba, tukacheka, tukaendelea na mechi.

Tusicheke sana. Mwaka 2005 Serengeti Boys wetu walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa suala la umri wa mchezaji, na wengine wakaenda Gambia badala yetu. Hiyo ilikuwa timu ya taifa. Je, huku kwenye ndondo za mchangani, nani anakagua? Mtu ana mke na watoto wawili, anavaa jezi ya chini ya miaka 17, na kocha anasema huyu amekomaa kwa kazi ya shamba.

Tunataka mzazi aelewe hatari yenyewe iko wapi. Mtoto asiye na cheti hatakwama kwa kukikosa. Afadhali angekwama. Atatengenezewa. Yule mtu wa kati atasema, mama usihangaike, hilo niachie mimi. Ataandika jina, ataandika mwaka, atatafuta hati ya kiapo na mashahidi, na kuanzia siku hiyo siri ya mwanao iko mfukoni mwake. Akidhulumiwa mshahara, mwanao atashtaki wapi? Wa kwanza kukamatwa ni yeye. Akitaka kubadilisha wakala, ataambiwa, haya nenda, na mimi nitakwenda kwenye shirikisho na karatasi zako halisi. Anayekupunguzia umri hakupi zawadi. Anakukopesha, na deni lake haliishi.

Cheti halali ndicho kinachomtoa kijana kwenye mikono hiyo. Ndiyo maana tunakiimba.

Na tukiwa na tarehe ya kweli, sheria inaanza kufanya kazi upande wetu. Kanuni za FIFA, kifungu cha 19, zinasema mchezaji wa chini ya miaka 18 hahamishwi kutoka nchi moja kwenda nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Sasa rudi kwenye tangazo la wiki hii. Kijana wa miaka 15, wa Kisesa, anapelekwa klabu ya nje kwa sababu gani kati ya hizo? Kelvin John, ambaye Watanzania walimfananisha na Mbappé, dunia nzima ilimwona mapema, lakini Genk ya Ubelgiji ilimsajili mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. Huyo ni Kelvin John. Wa kwetu anaambiwa mwezi ujao.

Kuna pesa nyingine tunazipoteza kimyakimya. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho zinagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk mwaka 2016, na alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni ya mgao ilikuwepo. Inailipa klabu iliyomsajili kijana kwa jina lake, tarehe yake na misimu yake. Timu zetu ngapi huku zina hata daftari la majina? Kijana analelewa hapa miaka sita, kocha anamnunulia sabuni na sukari kwa hela yake, na siku ya mgao klabu haijulikani, kwa sababu haikuandika. Cheti hakuna, daftari hakuna, mgao hakuna.

Tunajua mtakachosema. Mtasema cheti ni mbali. Ni kweli. Jiji la Mwanza tunaliona puani, lakini wilaya yetu ni Magu, na anayefuatilia cheti cha mtoto aliyekwishakua anapanda gari kuelekea upande wa pili, anakwenda, anaambiwa arudi na barua, anarudi. Nauli mara mbili, siku ya shamba imepotea. Hili ni la Serikali, na tunaiambia Serikali bila kuzunguka: mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka 5 bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulifika mkoa wetu na tunaushukuru. Lakini wanaoitwa kwenye majaribio leo si wa miaka 5. Ni wa 13, 14, 15. Hao nani anawafuata mashuleni?

Ng'ombe akitoka mnadani Magu kwenda Dar es Salaam anabeba kibali. Kimesainiwa, kimegongwa muhuri, na barabarani anasimamishwa akaguliwe. Mtoto wa mwenye ng'ombe anapanda basi la usiku na mtu asiyemjua, ana begi na viatu vya mpira, hana karatasi yoyote.

Hapana, jamani! Hapana!

Maofisa michezo wa wilaya, simamieni. Hakuna kijana kuingia uwanjani kwenye majaribio kabla wakala hajaonyesha leseni yake na barua ya klabu inayomtuma. Ada ya fomu ipigwe marufuku. Anayetafuta wachezaji agharamie mwenyewe utafutaji wake. Walimu wa michezo ya shule, UMISSETA na UMITASHUMTA, kagueni vyeti kabla ya jezi, na kijeba mrudisheni nyumbani hata kama ndiye anayefunga mabao. Afadhali tufungwe. Viongozi wa timu za mchangani, nunueni daftari leo, andikeni.

Na wewe baba, na wewe mama, usitume pesa kwenye namba ile. Kesho asubuhi tafuta kadi ya kliniki ya mwanao, iko huko huko kwenye sanduku. Kama imepotea, nenda shuleni kwake ukaombe barua yenye tarehe aliyoandikishwa. Beba na kitambulisho chako. Nenda ofisi ya mtendaji, kisha panda gari uende Magu. Tarehe iandikwe aliyozaliwa, si aliyoitaka wakala. Na wakala akija kabla hujarudi, mwambie akusubiri.