Uliza Kwanza, Kisha Mpe Kiwiko

Louis Braille wa Ufaransa, ambaye angali mtoto mdogo alijichoma jicho katika karakana ya baba yake, mtengenezaji wa matandiko ya farasi, hata akapofuka macho yote mawili, hakuyafanya masaibu hayo kuwa huzuni ya nafsi yake tu, bali aliyageuza kuwa manufaa kwa wenziwe: alibuni maandishi ya nukta nundu, yakachapishwa mwaka 1829, na hata leo wasioona huyasoma kwa vidole.

Aliyeonja dhiki huijua haja. Basi sisi tusioionja, tumuulize aijuaye.

Ukimkuta asiyeona kando ya barabara, msalimu, ujitaje jina, umwulize: "Nikusaidie?" Akiridhia, mpe kiwiko akishike, nawe utangulie hatua moja. Usimvute. Usiishike fimbo yake. Mtahadharishe mapema penye ngazi au mtaro. Mkiachana, muage kwa sauti, asije akabaki akisema na upepo. Na akikataa msaada, usiudhike.

Kumbukeni, wasikilizaji: uliza kwanza, kisha mpe kiwiko. Hisani isiyo na idhini hugeuka udhia.